Mukufu wa chumvi



Katika somo la sayansi mwalimu alituonyesha jambo moja. Unatia chumvi katika maji ya moto mpaka inakataa kuyeyuka tena, kisha unatundika uzi ndani na kungoja. Maji inapungua pole pole, na nyuma ya siku nyingi uzi unavaa vipande vidogo vyenye pembe, vinavyong'aa kama kioo. Dada mmoja wa kalasi yetu alizungusha uzi ule na waya ya shaba, akaufanya mukufu, akauvaa shingoni. Wamoja walicheka sana: «We dada, ile haina bei! Ukitoka jasho tu, njo mwisho!» Saa ya mapumziko alikuwa amekwisha kuuvua.

Haina bei? Tuulize wakubwa wetu wa zamani. Hapa Katanga waliyeyusha shaba wakaifanya misalaba, na misalaba ile ikawa feza yao. Imeonekana hata ndani ya makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale. Na chumvi ilitembea katika biashara pamoja na shaba, watu wakiibeba safari ndefu. Leo tunaipata sokoni kwa franga kidogo. Je, imepoteza kazi yake? Hapana. Inatia ladha, inalinda samaki isioze, na ile yenye iode inatukinga na ugonjwa wa rovu. Kilichoshuka ni bei, sababu viwanda na malori vinaileta kwa wingi. Bei ni kitu kimoja, thamani ni kitu kingine.

Watu wa sanaa wa inchi zingine wamefahamu neno hili. Mwaka 2014 mama mmoja wa Israeli, Sigalit Landau, alizamisha nguo nyeusi ndani ya Bahari ya Chumvi, ambayo maji yake ina chumvi karibu mara 10 kupita bahari zingine. Chumvi ikaishika nguo kila upande mpaka ikawa nyeupe, kama ya bibi-arusi aliyepambwa kwa almasi. Picha zake zilionyeshwa London mwaka 2016.

Motoi Yamamoto, Mjapani, alifiwa na dada yake mwaka 1994 kwa ugonjwa wa ubongo. Kwao chumvi hutumiwa wakati wa maziko. Basi anainama siku nyingi akichora chini kwa chumvi, mistari membamba sawa kazi ya kufuma. Maonyesho yakiisha, watu wanaikusanya na kuirudisha baharini. Nani atasema kazi ile haikuwa na thamani, sababu haikudumu?

Mtu atanijibu: zahabu unaweza kuiuza siku ya ugonjwa, mukufu wa chumvi hapana. Ni kweli, sikatai. Lakini minyororo tunayoiona siku ya sikukuu ya shule, yote ni zahabu? Mingi ni rangi tu juu ya chuma; nyuma ya miezi kidogo inaachia shingo weusi. Ninamujua rafiki mmoja aliyekopa feza juu ya kuinunua, wakati minerval yake haijalipwa. Mnyororo ulikwisha kuchakaa, deni lingali.

Mukufu wa chumvi haukudanganya mtu. Ulisema wazi: mimi ni chumvi, nitayeyuka. Aliyeutengeneza alitumia akili yake na mikono yake, wala hakuomba deni kwa mtu.

Siku ile mimi sikucheka, lakini sikumutetea vilevile. Nilinyamaza kama wengine, njo sababu ninaandika leo. Dada, kama unasoma maneno haya, utengeneze mwingine. Na ukiuvaa, mimi nitakuwa wa kwanza kuusifu mbele ya wote.

Mwanafunzi wa kalasi ya nne