Kabla hujaambiwa mazabodi imekufa

Nimerudi kampasi juzi, vumbi la Newala bado limo kwenye begi. Nilikuwa kimya wiki nyingi, samahanini sana. Leo nina dukuduku, na nisipolitoa sitalala.

Likizo nzima nilikuwa nyumbani nakusanya data za utafiti wangu wa mwaka wa tatu. Kazi yenyewe ni kuhoji wakulima wa korosho: wanapulizia mara ngapi, wanatumia nini, gharama zinakwendaje. Mchana narekodi kwa simu, jioni nahamishia kwenye laptopu, kisha nafuta kwenye simu ili nipate nafasi ya kesho yake. Mmeliona kosa langu? Nakala moja tu! Nichekeni, nastahili.

Siku moja nikaenda steshenari kuprinti madodoso. Flashi yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani, jamaa mmoja akaniazima ya kwake, imepinda kichwa kama msumari uliogongwa vibaya. Nikaichomeka hivyo hivyo. Ikatokea meseji kwamba kile kitu kimevuta umeme kupita kiasi kwenye tundu la USB, halafu kimya. Tangu dakika hiyo kila nikichomeka kitu hakisomeki: flashi, mausi, waya wa simu. Matundu yote matatu. Mahojiano ya wiki tano yamo ndani na mlango wa kuyatolea umefungwa. Kuyatuma kwa intaneti? Mafaili ya sauti yote yale, kwa bando la mwanafunzi? Thubutu!

Nikashuka Masasi kutafuta fundi. Niliyempata akaitazama kama dakika mbili, akachomeka flashi yake, ikagoma.

"Dogo, hapa mazabodi imekufa. Laki na themanini. Ila tunaweza kujaribu kwanza kufomati, elfu ishirini."

"Sasa kaka, ukifomati vitu vyangu si vinapotea?"

"Vinapotea ndiyo. Ungevitoa kwanza kwenye flashi."

Wajameni! Flashi niichomeke wapi, na ugonjwa wenyewe ndio huo?

Nikampigia mama. Hakuuliza mazabodi ni kitu gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ile hela ya salfa bado ipo, mwanangu. Kama ni ya masomo, chukua."

Mtu wa kwetu anaujua uzito wa maneno hayo. Salfa ndiyo dawa ya ubwiri unga. Mkorosho usipopuliziwa kipindi cha maua, hesabu umepoteza msimu. Na hela ya korosho haiji kila mwisho wa mwezi. Tangu stakabadhi ghalani ianze huku Mtwara mwaka 2007, unapeleka mzigo chama cha msingi, unasubiri mnada, kisha unasubiri malipo. Sasa niichukue hela hiyo kwa ajili ya tundu la flashi? Nikaikumbatia laptopu yangu nikapanda gari kurudi Newala.

Jirani yetu kuna mzee anatengeneza redio na taa za sola barazani kwake. Kompyuta hana. Nilipita kumpa shikamoo tu, akaniona nimenuna, nikamweleza. Hakushika hata bisibisi. Akaanza kuniuliza: Imeanza lini? Dakika ile ulikuwa unafanya nini? Yamekufa yote kwa pamoja au moja moja? Tangu siku hiyo umeizima kabisa au unaifunika tu?

Nikabaki mdomo wazi. Nilikuwa naifunika tu. Wiki nzima haijazimwa sawasawa.

"Basi mjukuu wangu," akasema, "vitu vitatu havifi vyote dakika moja kwa uzee. Kuna kitu kimejifunga. Itoe umeme wote."

Tukaizima, tukachomoa chaja, tukatoa betri (laptopu yangu ni ya zamani, betri inatoka). Nikakishikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Tukanywa chai. Tulipowasha, matundu mawili yakasoma! La tatu likagoma. Mzee akalimulika tochi: ndani kuna unga wa njano. Salfa! Laptopu ilikuwa inalala chumba kimoja na mifuko ya mama. Tukazima tena, akalisafisha taratibu kwa kijiti alichokichonga na brashi kavu. Nalo likafufuka. Nikampa elfu tatu, akazikataa, nikamwachia mezani.

Kilichotokea ni hiki. Tundu la USB linatoa umeme wa volti 5. Lile la toleo la 2 kwa kawaida linaruhusu hadi miliampia 500, la toleo la 3 hadi 900. Kitu kibovu kikivuta zaidi ya hapo, kompyuta inakata umeme ili isiungue, na nyingine hazirudishi mpaka uizime kabisa. Kwa hiyo mazabodi yangu haikufa. Ilikuwa inajilinda.

Sasa hoja yangu. Sisemi yule fundi wa Masasi ni mwizi. Nimewaza sana, nikaona kosa kubwa ni letu wateja. Sisi fundi tunamlipa kwa kubadilisha kitu, hatumlipi kwa kutafuta ugonjwa. Mwambie mtu atoe elfu tano ya kuangalia tu, atakujibu, "Kwani umefanya nini?" Fundi akikaa saa nzima akagundua ni vumbi, anaambulia asante. Akisema mazabodi, watoto wanakula. Hapo wewe ungesema nini? Hospitali tunalipia kipimo kabla ya dawa, hata kipimo kikionyesha huna kitu. Kwa fundi hatutaki. Naomba mafundi waweke bei ya kupima, wazi kabisa, na sisi tulipe bila kununa hata jibu likiwa "ni uchafu tu". Elfu tano ya kupima ingeiokoa laki na themanini.

Na sisi wasomi tusijifanye hayatuhusu. Mzee wa redio aliuliza maswali manne ambayo mimi wa chuo kikuu sikujiuliza hata moja. Kwa hiyo kabla hujafungua pochi, fanya haya:

1. Badilisha kitu kimoja kimoja. Flashi ile ile kwenye kompyuta nyingine, kisha flashi nyingine kwenye tundu lile lile. Hapo utajua mgonjwa ni nani.

2. Angalia waya. Waya wa USB wa kawaida una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za data. Kuna zile za bei chee zina za umeme tu. Simu itachaji vizuri, lakini kompyuta haitaiona mpaka Kiyama.

3. Hadi disiki ya nje inakula umeme mwingi. Ikiwa inawaka taa na haisomeki, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiipitishe kwenye kigawanyio.

4. Zima kabisa kama nilivyofanya mimi. Windows za siku hizi ukizima kwa kawaida nyingine hazizimi kila kitu, kwa hiyo jaribu pia kuiamuru ijiwashe upya.

5. Ingia Device Manager, ondoa vidhibiti vya USB, kisha washa upya. Windows itavirudisha yenyewe. Kama mausi yako ni ya USB, ujue itakufa kwa muda.

6. Mulika ndani, usafishe kwa kitu kikavu kisicho cha chuma, kompyuta ikiwa imezimwa.

Ukimaliza yote na bado inagoma, basi kweli inawezekana mazabodi ina shida, maana siku nyingine inakufa kweli. Nenda kwa fundi umweleze ulichojaribu. Akitaja kufomati, mwambie kwanza aitoe hadi disiki ya ndani, aiunganishe kwenye kompyuta nyingine, vitu vyako vitoke. Inawezekana, na ndicho nilichotakiwa kuambiwa siku ile Masasi.

Hela ya salfa ilienda kwenye salfa. Kabla sijaondoka tulipulizia raundi nyingine, mimi na mama. Mahojiano yangu sasa yako sehemu tatu, na moja ya hizo iko kabatini kwa rumeti wangu, ambaye nimemwapisha asifomati kitu.

Nawasilisha.