Uliyoyaona, Tuandikie



Mahujaji wanaporejea, nyumba zao hujaa wageni. Tende hugawanywa, maji ya Zamzam hutiwa vikombeni kidogo kidogo ili kila mmoja apate funda lake, na hatimaye huulizwa swali ambalo kila mgeni amekuja nalo moyoni: kulikuwaje huko? Jibu, mara nyingi, huwa ni Alhamdulillah, kulikuwa kuzuri, joto jingi, watu wengi mno, na Mwenyezi Mungu awajaalie nanyi mfike. Wageni huitikia amin na kuondoka. Mama aliyeweka akiba miaka mingi ili afike Makka ameisimulia safari yake kwa maneno ya dakika moja, na pengine hataisimulia tena.

Si kwamba hakuona. Aliona mengi, ila hajui aanzie wapi, na yale aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe anayadhania kuwa madogo, hayastahili kuandikwa. Wanawake wetu siku hizi husafiri sana: Hija na umra, Maulidi ya Lamu, kumpeleka mgonjwa Bara Hindi, kumfuata mume Ulaya, kutafuta riziki Arabuni. Ukiuliza ni safari ngapi kati ya hizo zilizoandikwa japo ukurasa mmoja, huenda usipate hata moja katika mtaa mzima. Wiki hii, basi, tungependa kuzungumza juu ya namna ya kuiandika safari ili aliyebaki nyumbani apate kitu cha kushika.

Kitabu tunachokikumbuka kila tunapolitaja jambo hili ni cha Ibn Battuta, mtu wa Tangier, Moroko. Alitoka kwao mwaka 1325, umri wake miaka 21, akikusudia kuhiji, na safari ikamchukua hadi nchi asizokuwa amezidhania. Mwaka 1331 alipita pwani yetu: Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Mtu wa usiku mmoja angeliweza kusema mji ni mzuri na watu wake ni wakarimu, akenda zake. Yeye alieleza kwamba chakula cha watu wa kisiwa kile ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka huletewa kutoka bara. Akataja ndimu, na tunda lililofanana na zaituni, lenye kokwa kama yake lakini tamu sana, ambalo sisi tunalitambua kuwa zambarau. Kisha akafika msikitini. Alisema misikiti ilijengwa kwa miti, imara, na kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vina vyake dhiraa moja au mbili. Maji yalichotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Watu walitembea miguu mitupu. Aliyetaka kuingia alijiosha miguu, akaipangusa kwenye kipande cha jamvi nene kilichowekwa mlangoni.

Misikiti ile ya miti haipo tena, lakini baada ya miaka karibu 700 bado tunayasikia yale maji yakimwagwa juu ya miguu yenye mchanga. Waliokulia katika nyumba zenye mtungi na kata wamekwisha kukitambua kile chombo chenye mpini. Mwenyeji wa Mombasa wa zama zile asingelifikiria kuandika habari ya jamvi la mlangoni, kwa kuwa alilikanyaga mara tano kwa siku. Mgeni alilitazama. Hapo ndipo penye siri yote, kwa maoni yetu: andika kile ulichokigusa, ulichokila, ulichokikalia, ulicholipa, sifa za jumla waachie wenye matangazo ya biashara.

Huko Mogadishu alieleza sinia aliyoletewa: wali uliopikwa kwa samli, juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, kando yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili, pamoja na tangawizi mbichi na maembe. Mama yeyote wa Pwani akiisoma orodha hiyo huanza kuona njaa. Aliongeza pia kwamba wenyeji hula sana na ni wanene, maneno ambayo mgeni mwenye adabu angeliyameza pamoja na ule wali. Lakini tumsamehe, kwani bila ulimi wake tusingelijua walichokula.

Pengine msomaji atasema kwamba huyo alikuwa mwanachuoni na kadhi, nasi ni watu wa nyumbani. Yuko mwanamke wa kumtaja. Sikandar Begum, aliyekuwa mtawala wa Bhopal katika Bara Hindi, alihiji mwaka 1864 na akaandika safari yake mwenyewe kwa Kiurdu; tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa London mwaka 1870. Hakuficha taabu alizozipata kwa maofisa wa forodha pale Jeddah juu ya mizigo yake. Ni kweli alikuwa mtawala, lakini habari za masanduku kufunguliwa na watu kuvutana juu ya ushuru anaziandika kama mama yeyote aliyesimama bandarini huku macho yake yakihesabu mizigo. Na Kiswahili chetu nacho si kigeni katika kazi hii: mwaka 1896 Salim bin Abakari alisafiri Urusi hadi Siberia akaiandika safari hiyo kwa lugha hii hii, nayo imo katika kitabu Safari za Wasuaheli kilichochapishwa Göttingen mwaka 1901. Kabla ya nyanya zetu kuzaliwa, Mswahili alikwisha kuandika habari za Siberia.

Tuchukue mfano wa karibu. Mtu ameandika: "Tulifika Lamu salama, mji unapendeza sana na Maulidi yalifana." Hakuna uongo hapo, ila hakuna anayeona kitu. Sasa asome mwingine: "Mokowe tuliteremka basini miguu imevimba. Vijana wawili wakaishika mizigo kabla hatujaafikiana bei. Mashua ilikuwa imejaa, nikakaa na mtoto wangu mapajani, na maji ya chumvi yakaniloanisha buibui upande mmoja. Tulipofika gatini, mwenyeji wetu hakuulizia gari. Alimwita mwenye punda." Huyu wa pili hakusema kwamba Lamu inapendeza. Lakini binti aliyeko Voi, ambaye hajaiona bahari ya Lamu, amekwisha kuvuka naye, tena amejifunza kuafikiana bei mapema.

Na mwanzo wa masimulizi usiwe ni kufunga sanduku, na tiketi, na kungoja uwanja wa ndege saa ngapi. Wengi huanza hapo, wakaishiwa na nguvu kabla ndege haijaruka. Anza pale moyo ulipotikisika. Ibn Battuta alipofika Tunis, watu walitoka kuwalaki wenzake na kuwasalimu, na yeye hakuwako hata mmoja aliyemjua. Akalia, hata mmoja wa mahujaji akamwona na kumliwaza. Mtu aliyekuja kuzunguka dunia alilia kwa kukosa salamu, wala hakuona haya kulieleza. Mama anayeandika safari yake asiogope kusema kwamba aliingiwa na hofu, au alitamani kurudi nyumbani siku ya tatu. Msomaji humwamini zaidi baada ya hapo.

Jambo la daftari lina uzito wake. Kitabu cha Ibn Battuta kinasema kisiwa cha Mombasa kiko mwendo wa siku mbili kutoka nchi ya Waswahili. Anayevuka Likoni kwa feri atastaajabu. Wanavyuoni wameyafasiri maneno hayo kwa njia mbalimbali, lakini tukumbuke kwamba kitabu kilikamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya ule usiku mmoja. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba maandishi aliyoyanakili katika makaburi ya wanavyuoni wa Bukhara yalipotea aliponyang'anywa mali zake baharini. Basi bei, umbali, saa, majina ya vyakula na maneno ya kigeni uliyoyasikia, yaandikwe usiku ule ule kabla ya kulala, mistari mitano yatosha. Hisia zinaweza kungoja, kwani hizo hukaa, tarakimu hazikai. Picha za simu husaidia, lakini picha haihifadhi harufu wala haisemi ulilipa kiasi gani.

Wala usinakili kutoka kwa wengine. Wachunguzi wamegundua kwamba maelezo mengi ya Makka, Madina na Damascus katika kitabu hicho hicho yamechukuliwa kwa msafiri aliyemtangulia, Ibn Jubayr wa Granada, aliyesafiri kati ya miaka 1183 na 1185 na kuandika kwa kufuata tarehe. Ibn Jubayr ndiye aliyeyaona. Katika bandari ya Aydhab, kwenye Bahari ya Shamu, aliviona vyombo visivyo na msumari hata mmoja, vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mitepe ya Lamu ilivyokuwa. Na alieleza namna wenye vyombo walivyowapakia mahujaji mmoja juu ya mwenzake kama kuku tunduni kwa tamaa ya nauli. Akawashauri wenye uwezo washike njia nyingine. Ushauri kama ule haupatikani kwa kunakili.

Tunafika sasa kwenye mashaka mawili ambayo akina mama hutuambia huwazuia kuandika, nayo yanastahili heshima.

La kwanza ni riya. Wengine huogopa kwamba kuiandika Hija ni kujionyesha. Hofu hii ni ya mcha Mungu, na tiba yake tunaiona katika kile kinachoandikwa. Machozi yako mbele ya Al-Kaaba na hesabu ya khitma zako vyaweza kubaki baina yako na Mola wako. Lakini mahema ya Mina yanafanana mno, na mama aliyepotea akitafuta lake akieleza alama aliyoishika hata akarudi, amemhudumia hujaji wa mwaka ujao. Kadhalika aliyepata ada ya mwezi kabla ya tawafu ya nguzo, huku tarehe ya kurudi imekaribia: alimwambia nani katika kundi, alisaidiwaje, alitamani angelijua nini tangu nyumbani? Mabinti wengi hufunga safari na swali hilo kifuani, wakiona haya kuliuliza. Hukumu yake iachwe kwa masheikh. Yeye aandike tu yaliyompata, kwa lugha ya staha.

La pili ni ghiba. Safari hufichua tabia, na katika Sura ya Al-Hujurat usengenyaji umefananishwa na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Tunavyoona sisi, kitendo husemwa na mtendaji husitiriwa. Ikiwa uliahidiwa malazi karibu na Haram na ukakuta ni mbali, andika kwamba ulitembea dakika 40 kwa miguu, na kwamba anayelipia aombe umbali huo kwa maandishi kabla ya kutoa fedha. Jina la wakala halihitajiki katika ukurasa. Imam Nawawi, katika Riyadh-us-Salihin, ametaja sababu 6 zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo, na kuwatahadharisha Waislamu ni mojawapo. Anayekuja kukutaka ushauri kwa ajili ya safari yake, mjibu faraghani kwa kadiri ya haja. Mwenzako wa chumbani aliyekoroma hana haja ya kutahadharishwa na mtu yeyote. Mwache alale.

Limebaki jambo lililotufanya tuandike makala haya. Mabinti wetu wengi wamekwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Huleta picha: jengo la kioo, dhahabu kwenye kirago cha duka, chakula cha Idi. Yaliyo magumu huyaficha ili mama asikose usingizi, na huruma hiyo tunaielewa. Lakini jirani yake mwenye miaka 22 ameiona picha, na yeye anafunga sanduku kwa kuiamini. Mwingine naye huandika kilio kitupu, na kusahau kwamba wako waliopata nyumba za watu wenye hofu ya Mungu, wakasomesha wadogo zao. Masimulizi yanayomfaa yule wa miaka 22 ni yale yenye mambo ya kila siku: mkataba ulikuwa wa lugha gani na nani aliusoma, pasipoti ilikaa kwa nani, simu iliruhusiwa saa ngapi, kazi ilianza lini na kumalizika lini, siku ya mapumziko ilikuwepo au haikuwepo, mshahara wa kwanza ulifika mwezi gani. Nyumba alimofanya kazi isitajwe jina. Hayo akiyaandika kwa kurasa mbili, baba na mama wa binti mwingine watakuwa na maswali ya kumuuliza wakala kabla ya kutia saini, na huenda wakaamua asiende, au aende akiwa anajua.

Na kwa nyanya zetu ambao kalamu imewawia nzito, au hawakupata kuishika: Ibn Battuta mwenyewe hakukiandika kitabu chake kwa mkono wake. Aliporejea Moroko, mfalme Abu Inan aliamuru safari hizo ziandikwe, na Ibn Juzayy akaketi akisikiliza na kuandika. Mjukuu wa darasa la saba anaweza kazi hiyo baada ya Alasiri. Ampe nyanya nafasi ya kupumzika katikati, asimsahihishe maneno yake ya Kimvita, Kiamu wala Kipate, na kila anaposema "kulikuwa kuzuri tu", amwulize walikula nini.