Akiba haiozi, lakini umeiweka wapi?

Wazazi wenzangu,

Jumamosi iliyopita niliwauliza watoto wa darasa langu sauti za bibi na babu zao zimehifadhiwa wapi. Karibu wote walijibu, "Kwenye kompyuta ya baba." Jibu hilo limenitia wasiwasi.

Mimi si fundi wa kompyuta, ni muuguzi. Lakini yamenikuta. Shemeji yangu aliigawa diski ya laptopu yangu sehemu mbili: C ya Windows, na D ya picha na rekodi zetu. Aliniambia Windows ikiharibika, itawekwa upya kwenye C na vitu vya D vitabaki. Ni kweli, na ni mpango mzuri. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba hiyo ndiyo akiba. C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikiungua, ukuta wa katikati hauokoi kitu. Diski yenyewe ilipokufa, zilikwenda zote mbili, pamoja na rekodi za marehemu mama akiwasimulia wanangu hadithi kutoka Tanga. Zimesalia nne tu, kwa kuwa dada yangu alikuwa nazo kwenye simu yake.

Hizo kwetu si faili tu. Sarufi mtoto ataipata kwangu, lakini jinsi bibi yake anavyotamka "Paukwa!" hawezi kuipata kitabuni.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kila familia iwe na nakala tatu za vitu vyake vya thamani. Moja ikae kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu nje ya nyumba kabisa, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Msitegemee ya mtandaoni peke yake. Nyingi hufuatisha kompyuta yako: ukifuta huku, na kule hufutika. Mkishanakili, fungueni faili moja mbili kwenye diski ya nje mhakikishe zinasikika, kisha ichomoeni. Na kabla ya kugawa diski au kubadilisha ukubwa wa sehemu zake, nakilini kwanza.

La pili ni masasisho. Najua yanakera, hujitokeza mtu akiwa na haraka, naye hubonyeza "baadaye" mwezi mzima. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta za hospitali nyingi hapa Uingereza, wagonjwa wakaahirishiwa miadi. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa huo tangu Machi. Kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Virusi vya aina hiyo hufunga faili hata za diski ya nje iliyochomekwa, ndiyo maana nasema ichomolewe. Wenye Windows 10 nao wajue kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Angalieni kama kompyuta yenu inaweza kupokea Windows 11, au mjiandikishe kupata masasisho ya usalama ya muda wa ziada.

Wapo watakaosema hawana nafasi. Nami natoka zamu ya usiku nikiwa hoi. Lakini nusu saa kwa mwezi inatosha: sasisha, nakili, chomoa. Nusu saa hiyo ningeitoa kwa furaha ningejua itaokoa sauti ya mama.

Jumamosi ijayo nitabaki darasani nusu saa baada ya masomo. Njooni na kompyuta zenu na diski tupu, tuanze pamoja. Na usiku wa leo, kabla hamjalala, mtumieni ndugu mmoja rekodi moja ya bibi au babu.

Mwalimu wenu wa Jumamosi