Hiyo C Plein Itakufuata Hadi Lini?

Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge alivaa kaptula, akaingia darasa la kwanza kule Eldoret akiwa na miaka 84. Kenya nzima ikapiga makofi, filamu ikatengenezwa. Sasa jaribu wewe mwenye miaka 34, unauza simu Luthuli, uwaambie watu umejiandikisha kozi ya kujiandaa kuingia chuo kikuu. “Na watoto? Si ungenunua kaploti tu?” Mzee wa miaka 84 tunampenda kwa sababu hashindanii kazi na mtu.

Kikwazo chenyewe kinajulikana: C+ kwenye KCSE. Ukipata C plein, huingii shahada moja kwa moja. Unarudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, au unapanda ngazi: cheti, diploma, ndipo digrii. Miaka inayoyoma na karo ni yako. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, anapigana na jam ya Thika Road, anaketi jioni kusoma logi alizoziacha akiwa bado na chunusi. Halafu eti huyu ndiye alikuwa mvivu shuleni.

Na ukishapanda, bado. Kuna Wakenya waliosoma cheti, wakasoma diploma, wakapata shahada ya sheria, kisha wakafika Shule ya Sheria ya Kenya kutafuta uwakili na kuulizwa: kidato cha nne ulipata nini? Kiingereza au Kiswahili ulikuwa na B? Ikabidi wengine waende mahakamani. Jamani, kwani hiyo digrii waliokota?

Najua jibu: “Mnataka kushusha viwango.” Nani amesema? Wekeni mtihani mgumu mpendavyo, lakini mpimeni mtu alivyo leo. Ile gredi ilipima wiki chache za mwaka mmoja, za kijana aliyekuwa akifukuzwa karo kila muhula, ambaye bureti alichorewa ubaoni na akaishika ya kioo kwa mara ya kwanza siku ya praktiko. Mwenzake alikuwa na maabara tangu kidato cha kwanza. Wote wawili tukawapa herufi, tukasema ndiyo akili zao, milele.

Kozi ya maandalizi ina maana moja tu: aliyeipita yuko tayari. Kama chuo kinaamini hivyo, kimwingize na kisiulize tena karatasi ya zamani. Kama hakiamini, kiache kuiuza.

Kwa hivyo wewe unayeanza muhula ujao, kabla hujatuma hata shilingi, nenda ofisini uulize: nikipita, naingia digrii gani, na wanaosajili taaluma yangu wataitambua? Dai jibu kwa maandishi, lenye muhuri. Wakianza kukuzungusha, rudi na M-Pesa yako nyumbani, utafute chuo kingine.