Neno "Kinga" Halitoshi

Waungwana malenga na wapenzi wa lugha, leo naomba mnistahamilie nilete kemia barazani. Somo hilo nililifundisha sekondari, kisha nikawafunda walimu chuoni, na katika miaka yote hiyo neno moja liliniponza: kinga.

Kuna mmumunyo ambao vitabu vya Kiingereza huuita bafa. Hutengenezwa kwa asidi dhaifu pamoja na chumvi yake. Mathalani asidi asetiki, ile inayoipa siki ukali, na sodiamu asetati. Ukiutia asidi kidogo, haubadiliki ghafla kama maji matupu. Mtaala ulikuwa kwa Kiingereza, lakini fahamu za wanafunzi zilikuwa kwa Kiswahili, nami nikawafasiria: "Huu ni mmumunyo wa kinga." Neno fupi, tamu, mizani mbili tu. Wakalipokea.

Siku ya jaribio niliwapa lita moja yenye moli 0.10 za asidi asetiki na moli 0.10 za asetati. Hapo hesabu ni nyepesi: ukolezi wa pande mbili ukilingana, pH huwa sawa na pKa ya asidi, yaani 4.76. Kisha niliwataka waongeze moli 0.01 za asidi haidrokloriki, wakokotoe pH mpya. Wengi wakajibu 4.76. Sababu waliyoandika? Mmumunyo una kinga.

Niliwakata alama, na leo nakiri kuwa niliwadhulumu. Ngao ni kinga. Mshale ukiigonga huanguka chini, na aliye nyuma yake haguswi. Kumbe mmumunyo huu huguswa. Asetati huipokea ile asidi ngeni, na moli 0.01 zake hugeuka kuwa asidi asetiki. Asetati hubaki 0.09, asidi hupanda hadi 0.11. Gawanya 0.09 kwa 0.11, upate takriban 0.82, logi yake ni hasi 0.09, ijumlishe na 4.76, upate 4.67. Imesogea, ila kidogo. Asidi hiyohiyo ikitiwa katika lita moja ya maji safi, pH hutoka 7 ikaporomoka hadi 2.

Asiyepigwa si sawa na aliyepigwa akabaki amesimama. Huyu wa pili Kiswahili kina kitenzi chake: amehimili. Ndiyo maana napendekeza mmumunyo himilivu. (Hesabuni, malenga: mizani nane kamili, mshororo wa utenzi umetimia!) Tena kuhimili kuna kikomo. Tia kwa mkupuo moli 0.10 za asidi ile: asetati yote imekwisha, na pH inashuka hadi karibu 2.7. Neno kinga halimwandai mwanafunzi kwa anguko hilo.

Isitoshe, kinga lina kazi nyingine. Damu yetu ina kinga ya maradhi, na papo hapo ina uhimilivu unaoishikilia pH yake kati ya 7.35 na 7.45. Tukiviita vyote viwili kinga, mwalimu wa biolojia na wa kemia watakuwa wanavutana shati mbele ya watoto.

Wako watakaosema kuwa istilahi ni jina tu, maana hutoka kwenye fomula. Sikubali. Henderson alitoa mlinganyo wake mwaka 1908, Hasselbalch akautia logi mwaka 1916, na mwanafunzi aweza kuukariri wote asikose herufi. Lakini kabla ya kuutumia hujiuliza kipi kimeongezeka na kipi kimepungua, na swali hilo hulijibu kwa lugha anayootea ndoto.

Hata dhaifu lina mtego wake. Wengi hudhani asidi dhaifu ni iliyozimuliwa kwa maji. Sivyo, udhaifu wake ni kutoachia ioni nyingi za haidrojeni, na hata ikikolea kupita kiasi hubaki dhaifu. Neno hili nalitetea, kwa kuwa kuzimua tunalo tayari, na mwalimu akiyatenganisha mawili hayo siku ya kwanza, mkanganyiko huisha.

Najua baadhi yenu mtaleta stahamilivu, na wengine mtang'ang'ania bafa. Leteni. Ila kila neno lipitishwe kwanza katika lita ile moja: litueleze 4.67, kisha litueleze 2.7.