Makaa Juu ya Shaba: Je, ni Kifuniko Tu?

Kila tunapokagua mazoezi ya kufundisha katika shule za Bukoba na Muleba, hatukosi kulisikia jibu moja. Mwanachuo akiulizwa kwa nini wayeyushaji wa shaba safi hutandaza makaa juu ya shaba iliyoyeyuka, husema kwamba makaa ni kifuniko, mithili ya kawa juu ya chakula. Jibu hilo ni nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo kemia yenyewe.

Shaba huyeyuka penye nyuzi 1085 za Selsiasi, na ikiwa katika hali hiyo huipokea oksijeni kwa urahisi. Makaa huizuia hewa, lakini pia huikamata oksijeni ipenyayo na kuigeuza kuwa gesi. Kaboni yenyewe huingia katika shaba kwa kiasi kidogo mno. Chuma sivyo: chenyewe huinywa kaboni na kuwa pua. Kwa mfano huo mwalimu wa Kagera hana haja ya kwenda mbali, kwani matanuru ya kale ya Kemondo, waliyoyaeleza Peter Schmidt na Donald Avery mwaka 1978, yalikuwa ya mababu wa hapa hapa. (Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya namna hewa ilivyopashwa moto, na ubishi huo nao ni somo.)

Aidha, mlinzi huyu aweza kudhuru. Makaa yenye unyevu, na mvua za Bukoba haziliachi gunia likauke, hutoa hidrojeni inayoingia katika shaba. Shaba igandapo, gesi hiyo hutoka na kuacha vitundu.

Tunashauri wanachuo waone kwa macho. Waya wa shaba uchomwe hadi uwe mweusi, ufukiwe katika unga wa makaa makavu ndani ya kopo lenye kifuniko kilichotobolewa, upashwe hadi kopo liwe jekundu, kisha lipoe bila kufunguliwa. Waya hutoka na wekundu wake. Sisi mara ya kwanza tulifungua mapema. Ukarudia weusi mbele ya darasa zima, na maswali yaliyofuata hatukuwahi kuyapata kwa kuandika fomula ubaoni.

Jiko liwe nje. Monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, nayo huua. Mwanachuo mmoja alitaka kuliingiza darasani kwa sababu ya mvua. Tulimkatalia, somo likangoja hadi kesho yake.