Taifa ladai uzamifu wa hisabati bila kuwapa wasomi muda

MTAKA cha mvunguni sharti ainame. Kenya imekuwa ikikitaka cha mvunguni kwa miaka mingi: wahandisi, wataalamu wa takwimu, watafiti wa magonjwa na walimu hodari wa hisabati. Lakini inapofika zamu ya kuinama, yaani kuwaandaa wasomi wanaowafunza wote hao, mgongo wa taifa huwa mgumu.

Mnamo Aprili 2025, baada ya malalamiko ya wazazi na wadau wengine wa elimu, Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba hisabati ingekuwa somo la lazima kwa wanafunzi wote wa Sekondari Pevu. Wale wa mkondo wa sayansi wangesoma hisabati kamili, na wenzao wangesoma hisabati nyepesi. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia madarasani Januari 2026.

Mjadala ule ulihusu nani asome. Haukugusia nani atafunza, wala aliyemfunza huyo atakayefunza aliupata wapi ujuzi wake.

Ngazi hiyo ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Mwanafunzi wa Gredi ya 10 hufunzwa na mwalimu aliyehitimu chuo kikuu. Mwalimu huyo naye alifunzwa na mhadhiri, na mhadhiri hutarajiwa awe na shahada ya uzamifu. Kipandio cha juu kikilegea, walio chini hutikisika.

Wengi hudhani kwamba kusomea uzamifu wa hisabati ni kukokotoa hesabu ngumu kuliko zile za shahada ya kwanza. Sivyo. Shahada ya kwanza na ile ya uzamili humfunza mtu yale ambayo wengine wamekwisha kuyathibitisha. Uzamifu humdai athibitishe jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha kabla yake, na uthibitisho wenyewe usiwe na mwanya hata mmoja.

Chukua mfano wa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hata mtoto wa shule anaweza kuona kwamba baadhi yake huandamana kwa jozi zinazotofautiana kwa 2: 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31. Je, jozi za aina hii zina mwisho? Hadi leo hakuna aliyethibitisha.

Mwaka wa 2013, Yitang Zhang, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha New Hampshire nchini Marekani, alithibitisha kwamba zipo jozi zisizo na mwisho za namba tasa ambazo tofauti yake haifiki milioni 70. Zhang alikuwa amehitimu uzamifu mwaka wa 1991, akakosa kazi ya uhadhiri, na kwa miaka kadhaa akajikimu kwa vibarua, ikiwemo kazi ya mkahawani. Kati ya shahada yake na ugunduzi huo ilipita miaka 22. Kisa chake kinaonyesha kwamba mtaji mkuu wa utafiti wa hisabati ni muda mrefu wa kufikiri.

Ikumbukwe kwamba hisabati haina gharama kubwa. Mkemia huhitaji maabara na kemikali. Mtafiti wa kilimo huhitaji shamba, mbegu na misimu ya mvua. Mwanahisabati hutosheka na karatasi, kalamu, ubao, maandishi ya watangulizi wake na msimamizi wa kumkosoa. Hata maandishi si adimu kama zamani, kwani tangu mwaka wa 1991 hazina ya arXiv imekuwa ikiwapa watafiti wa dunia nzima makala mapya bila malipo. Kwa nchi yenye bajeti finyu, ni vigumu kupata sayansi iliyo rahisi kuigharimia kuliko hii.

Hapo ndipo kinaya kinapojitokeza. Kile ambacho hisabati inakihitaji zaidi, yaani muda, ndicho ambacho mfumo wa vyuo vikuu nchini humnyima mtahiniwa.

Mwaka wa 2014, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ilitoa mwongozo uliotaka kila mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na ukawapa wasiokuwa nayo hadi mwaka wa 2018 kuitafuta. Nia ilikuwa njema, kwani haifai mtu kuongoza wengine katika njia ambayo hajaipita. Hata hivyo, makataa hayo yalifika wengi wakiwa bado njiani, kwa sababu amri ilitolewa bila nyenzo.

Tazama hali ya mhadhiri msaidizi wa kawaida. Ana shahada ya uzamili na amejiandikisha kwa uzamifu katika chuo anachofundisha au kingine jirani. Asubuhi anafundisha kalkulasi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioujaza ukumbi, wakiwemo wa uhandisi, uchumi na ualimu, kwa kuwa idara ya hisabati huhudumia vitivo vingi. Jioni anasahihisha. Wikendi anapanda matatu kwenda bewa jingine kufundisha kwa malipo ya saa, maana mshahara hautoshi karo ya watoto na yake mwenyewe. Utafiti unasubiri likizo, na likizo ikija huja na rundo la vijitabu vya mtihani.

Katika taaluma zinazotegemea hojaji na ukusanyaji wa data, msomi wa namna hii anaweza kusonga mbele kidogo kidogo. Leo atahoji watu kumi, juma lijalo wengine kumi. Uthibitisho wa hisabati haukubali kugawanywa hivyo. Anayeuacha kwa majuma matatu hulazimika kuanza upya kuelewa alichokuwa amekiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kanuni pia humtaka mtahiniwa awe amechapisha makala mawili katika majarida yenye wahakiki kabla ya kufuzu. Sharti hilo ni moja kwa wote, lakini uzito wake si mmoja. Katika hisabati, mhakiki hukagua uthibitisho mstari kwa mstari, na si ajabu jarida lenye hadhi kukaa na makala mwaka mzima au zaidi kabla ya kutoa uamuzi. Mtahiniwa aliyekwisha kuandika tasnifu yake anaweza kubaki akingoja barua ya mhariri huku karo ikiendelea kudaiwa.

Ndipo huzuka kishawishi cha kukimbilia majarida ya kulipia, yale yanayokubali makala kwa siku chache bila kuyasoma. Kwa njia hiyo, kanuni iliyowekwa kulinda ubora huishia kuuhujumu.

Wasiwasi kuhusu ubora una msingi. Mwaka wa 2019, chuo kikuu kimoja cha umma kilizua mjadala mkali kwa kutunuku shahada za uzamifu 118 katika hafla moja, nyingi zikiwa za taaluma za biashara na usimamizi, na CUE ikaanzisha uchunguzi. Lakini dawa ya maradhi ya idara moja haifai kunyweshwa kila idara. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba wanahisabati wanafuzu kwa wingi kupita kiasi.

Kikwazo kingine ni uhaba wa wasimamizi. Hisabati ina matawi mengi, na aliyebobea katika takwimu hawezi kumsimamia ipasavyo anayetafiti topolojia, sawa na daktari wa macho asivyoweza kupasua moyo. Profesa mmoja akistaafu, tawi zima linaweza kukosa msimamizi katika chuo. Mtahiniwa hubaki na njia mbili: abadili mada amfuate msimamizi aliyepo, au asafiri ng'ambo.

Kizazi cha kwanza kilisafiri. Marehemu Profesa George Saitoti alisomea Chuo Kikuu cha Brandeis nchini Marekani, kisha akaenda Uingereza na kuhitimu uzamifu katika Chuo Kikuu cha Warwick mwaka wa 1972, tasnifu yake ikiwa katika topolojia ya aljebra. Alirejea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi na akaiongoza idara ya hisabati. Mwaka wa 1983 aliteuliwa Waziri wa Fedha, na baadaye akawa Makamu wa Rais.

Wakenya wengi humkumbuka kwa siasa na kwa ajali ya helikopta iliyomuua Juni 2012. Wachache hukumbuka kwamba serikali ilipompata waziri, ubao wa chuo ulimpoteza mmoja wa wataalamu wachache wa fani yake.

Nchini Tanzania, Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa nchi hiyo kupata uzamifu wa hisabati, aliusomea mjini Berlin, Ujerumani, na amefundisha Dar es Salaam na baadaye Rwanda. Safari za aina hiyo zilizaa matunda, lakini si kila aliyeondoka alirudi, na si kila mwenye kipawa alipata nauli.

Ipo njia ya tatu ambayo imekwisha kujaribiwa. Mwaka wa 2002 ulianzishwa mpango wa hisabati wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ukiviunganisha vyuo vya Nairobi, Makerere na Dar es Salaam kwa ufadhili wa Uswidi kupitia Chuo Kikuu cha Uppsala. Vyuo vingine vilijiunga baadaye. Katika utaratibu wa namna hii, mtahiniwa hujiandikisha nyumbani, huwa na msimamizi wa hapa na mwingine wa ng'ambo, na hupata vipindi vya kukaa ugenini akifanya utafiti tu. Kinachonunuliwa na fedha hizo hasa ni muda.

Taasisi nyingine zimesaidia pia. Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa Cape Town mwaka wa 2003 na yenye kituo mjini Kigali, huwaandaa vijana katika kiwango cha uzamili. Kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka wa 1964, kimewapokea watafiti wengi kutoka nchi zinazoendelea.

Lakini mkono unaolisha ndio unaoamua chakula. Mfadhili akibadili sera yake, mtahiniwa wa Nairobi huachwa katikati ya sura ya tatu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 iliweka hazina ya utafiti iliyokusudiwa kupewa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Lengo hilo halijawahi kufikiwa. Mgomo wa wahadhiri wa siku 49, uliomalizika Novemba 2025 baada ya mvutano kuhusu Sh7.9 bilioni, ulionyesha kwamba hata malipo yaliyokwisha kukubaliwa huja kwa kuvutana.

Wapo wanaouliza taifa lenye njaa na madeni litafaidi nini kwa mtu anayechunguza namba tasa. Ni swali la haki. Namba hizo hizo ndizo msingi wa mbinu ya usimbaji ya RSA, iliyobuniwa mwaka wa 1977, ambayo kwa miongo kadhaa imetumika kulinda siri za benki na mawasiliano ya intaneti. Na janga la Covid-19 lilipobisha hodi mwaka wa 2020, watafiti wa KEMRI-Wellcome mjini Kilifi walitumia hisabati kukadiria mkondo wa maambukizi nchini, wakishirikiana na wenzao wa Warwick, chuo kile kile alikosomea Saitoti. Nchi isiyo na wanahisabati wake hulazimika kuazima hata akili ya kukadiria wagonjwa wake.

Marekebisho yanayohitajika si ya mabilioni. La kwanza ni vyuo kuwapunguzia watahiniwa wachache walioteuliwa kwa uwezo wao mzigo wa kufundisha kwa miaka miwili mfululizo, na vipindi vyao vishikwe na wahadhiri wa muda. Gharama yake ni malipo ya saa za vipindi hivyo tu, wala hakuna jengo la kujengwa.

La pili ni kulipima sharti la kuchapisha kwa mizani ya kila taaluma. Mtahini wa nje aliyebobea anaweza kuusoma uthibitisho na kutoa hukumu hata kabla jarida halijajibu. Hilo halishushi kiwango, kwa kuwa kosa katika uthibitisho halijifichi mbele ya macho ya mjuzi.

La tatu ni usimamizi wa pamoja. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lipo, na intaneti ipo. Profesa wa topolojia aliye Kampala anaweza kumsimamia mtahiniwa aliye Eldoret au Maseno, mradi vyuo vyao vikubaliane nani atalipwa nini na shahada itatolewa na nani.

Wasimamizi nao wajitathmini. Rasimu inayokaa mezani kwa miezi sita bila kusomwa humvunja moyo mtahiniwa kuliko swali lolote gumu la hisabati.

Mtoto wa Gredi ya 10 ameambiwa kwamba hisabati si hiari, naye ameitii amri hiyo. Ana haki ya kutarajia kwamba walioitoa pia watapiga hesabu yao hadi mwisho. Cha mvunguni kimekwisha kutajwa. Kilichobaki ni kuinama.